Boli si boli: soma namba kabla fundi hajawasha mashine

Simamisha. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie asiguse mashine ya kuchomelea, kisha urudi hapa usome.

Nilikuwa na chai mkononi nilipokutana na uzi huu. Nikasoma swali la mleta uzi mpaka mwisho, chai ikapoa. Kwa waliochelewa: mkuu ana Hilux ya 2009, kanunua tela lililotumika la matairi manne kutoka Afrika Kusini, anataka kubeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, msimu wa kupulizia na baadaye mizigo mingine, Mtwara mpaka Mangaka. Kauliza mambo manne: afunge boli (lile tufe la chuma nyuma ya gari linaloshika tela) au ndoano, tela liwe na breki au liende hivyo hivyo, waya za taa ziungwe vipi, na kama tela linatakiwa kusajiliwa peke yake. Maswali mazuri kabisa. Halafu mstari wa mwisho kaandika kirahisi tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Fundi amesema ananichomea kwenye bampa ya nyuma kwa laki mbili na nusu, boli analo, na boli ni boli."

Boli ni boli!

Hayo maneno matatu niliambiwa mimi, hapa hapa Mtwara mjini, na fundi aliyekuwa anafuta mikono kwenye suruali huku akitabasamu. Bei ilikuwa hiyo hiyo, laki mbili na nusu. Sisemi kwamba ni fundi yule yule. Sisemi pia kwamba siye.

Wengine humu mtamjibu kwa adabu, "mkuu inategemea na matumizi yako". Mimi adabu hiyo sina leo. Nimelipa 2,376,000 ili nijue ninachokijua na nakitoa bure, kwa hiyo nivumilieni.

Tela langu nalo lilikuwa la matairi manne, la kutoka huko huko Afrika Kusini, zito kilo 450 likiwa tupu. Pale mbele, kwenye ncha ya mkono wa tela, kuna kile kikombe cha chuma kinachokaa juu ya boli la gari. Juu ya kikombe changu kulikuwa na namba imegongwa, 50. Niliiona siku ya kwanza. Nilidhani ni namba ya toleo, au bei, sijui nilidhani nini. Fundi naye aliiona. Akatoa boli kwenye boksi la spea chakavu, limepakwa rangi ya fedha linang'aa kama sufuria ya harusini, akaliweka chini ya kikombe, akashusha wenzo, ukafunga: kacha. "Umeona? Boli ni boli." Akaniongezea kwamba muuzaji wa hilo boli kamhakikishia ni la Marekani, halivunjiki.

Na kweli halikuvunjika. Vilivunjika vitu vingine vyote.

Ilikuwa Juni, salfa imepamba moto. Nilikuwa nimempata mteja wa maana, mwenye duka la pembejeo Masasi. Mzigo wa kwanza ulikuwa mifuko 60 ya salfa ya unga, kila mmoja kilo 25. Piga hesabu: kilo 1,500, ongeza tela lenyewe, 1,950. Vijana wakapanga mifuko kuanzia nyuma, maana mbele kulikuwa na maboksi manne ya mashine za kupulizia, na maboksi hayo mteja alisema yasikandamizwe. Mimi nimesimama pembeni na simu, bosi. Mzigo ulipokwisha nikaenda kuunga tela kwenye gari. Nikainua mkono wa tela kwa mkono wangu mmoja, wa kushoto, wa kulia una simu. Nikajisifu: tela langu jepesi kweli!

Mnaoelewa haya mambo mmeshashika kichwa. Tela lenye tani karibu mbili likiinuka mbele kwa mkono mmoja, maana yake mzigo wote umelalia nyuma ya matairi na mbele kunataka kuruka kama bembea. Badala ya kukandamiza boli, kikombe kinalivuta kwenda juu. Kupanga mzigo lilikuwa kosa langu, nalikubali, lakini nalikubali kwa sauti ndogo, kwa sababu boli la saizi yake lingenisamehe siku ile.

Minyororo ya usalama? Ilikuwepo. Fundi aliifunga kwenye bampa, na sehemu moja ambayo haikufika aliiunga kwa waya, ule wa kufungia nondo. Ndiyo. Waya wa nondo. Nilikiona na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naharakisha na kwa sababu yeye ni fundi na mimi si fundi. Hivyo ndivyo tunavyoibiwa sote, tunaona aibu kuuliza.

Nikaondoka asubuhi. Mikindani salama. Mpaka Mnazi Mmoja salama, nikanywa chai, nikakata kushoto kushika barabara ya Masasi. Kuanzia hapo kila nikikanyaga shimo nasikia nyuma: kok. Nikipita tuta: kok, kok. Nikaongeza sauti ya redio. Tatizo likaisha.

Mtama nikapita, Nyangao nikapita. Mbele kidogo ya Nyangao kuna tuta, sikulipunguzia mwendo ipasavyo, nitakuwa nilikuwa kwenye hamsini hivi. Gari likaruka, likatua. Kisha kimya. Ile kok kok haikusikika tena, nami nikafurahi kwa muda wa kama sekunde mbili, nikidhani imejikaza yenyewe.

Ndipo nikasikia nyuma kitu kinachanika, kama bati linang'olewa na upepo. Ilikuwa bampa yangu. Tela lilishachomoka kwenye boli, minyororo ikavuta bampa, bampa ikakubali kwenda nayo. Nikatazama kioo cha kushoto nikaona tela linakuja ubavuni kwangu, mkono wake umepiga chini unakwangua lami, cheche zinaruka. Cheche, wakuu, na juu yake kuna kilo 1,500 za salfa. Mnajua salfa ni ile ile inayotiwa kwenye viberiti? Mimi nilikumbuka wakati huo huo.

Tela likatoka barabarani upande wa kushoto, likaufuata mwembe, likagonga benchi, likagonga baiskeli iliyoegeshwa, likalala ubavu. Mifuko 23 ikapasuka. Kama hujawahi kuona salfa ikimwagika kwa wingi, fikiria mtu kamwaga unga wa njano kutoka juu ya mwembe, halafu upepo wa Juni, ule wa kusini unaovuma mchana kutwa, ukausambaza kijijini. Macho yanawasha, koo linawasha, kuku wa njano, mbuzi mmoja wa njano kabisa akasimama katikati ya barabara ananitazama kama ananidai. Mtoto muuza ming'oko akaja na beseni lake kichwani, akaangalia ile mifuko, akaniuliza, "Mjomba, hii unauza?" Kijana mwingine akawa anasogea na sigara mdomoni. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata nilipofiwa.

Hakuna aliyeumia. Hata mchubuko. Na sababu yake nitawaambia, kwa kuwa ndiyo inayonifanya nikasirike kila nikiona mtu anaandika boli ni boli.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Baada ya kama nusu saa wazee wakaanza kurudi kutoka msikitini. Mmoja, mtu mzima sana, na fimbo, akaja mpaka kwenye mwembe. Akazunguka tela. Akaliangalia benchi lililokuwa vipande viwili, na ubao wa bao uliokuwa chini ya gurudumu, kete zimetawanyika kwenye salfa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mimi hapa ndipo ninapokaa." Akainama akaanza kuokota kete moja moja. Nikainama nikamsaidia. Hatukusema kitu kingine.

Basi. Nimefanya utani mwingi hapo juu, lakini huo niliouandika sasa hivi hauna utani.

Tela lilibebwa na Fuso iliyokuwa inapita tupu, mpaka Ndanda, na hapo nikaonana na fundi mzee mmoja ambaye hata hakunipa pole. Aliangalia kikombe cha tela, akaangalia boli lililobaki kwenye ile bampa, akachukua msasa, akakwangua ile rangi nzuri ya fedha juu ya boli. Chini ya rangi kulikuwa na maandishi. Yalikuwepo muda wote! 1 7/8, na chini yake 2000 LB.

Tafsiri. Inchi moja na sehemu saba za nane ni milimita 47.6. Kikombe changu kilikuwa cha milimita 50. Tofauti ni milimita 2.4, unene wa sarafu yenye afya. Wenzo unafunga, ndiyo, kwa sababu taya la chini linafika chini ya boli na kugusa. Ila linagusa, halishiki. Hiyo ndiyo ilikuwa kok kok. Kiatu kikubwa mguuni, unatembea nacho vizuri sokoni, siku ya kukimbia ndiyo unaachana nacho.

Na hiyo 2000 ni ratili, yaani kilo 907. Mimi nililitundikia kilo 1,950, zaidi ya mara mbili. Hata kama saizi ingekuwa sawa, nilikuwa namvutisha punda mzigo wa ng'ombe wawili.

Mzee akanionyesha boli lake mwenyewe, kwenye gari lake la kazi. Limegongwa 50, na kilo zake zimeandikwa, na hakulipaka rangi. Akaniambia kitu kimoja ndicho nakupa na wewe mleta uzi, ukisahau yote niliyoandika kumbuka hiki: kisicho na namba hakivuti. Boli lisilo na namba, kikombe kisicho na namba, toba isiyo na kibati cha namba, havifungwi kwenye gari. Kilichopakwa rangi, kwangua kwanza. Fundi akikataa usikwangue, umeshapata jibu.

(Toba ni kile chuma kizima kinachobeba boli chini ya gari, najua wengine mnaita tobaa. Mimi naita toba. Nilitubu.)

Nilimrudia yule fundi wa mjini. Sikwenda kugombana, nilikwenda na boli mkononi na kipimo cha kalipa nilichoazima. Nikapima mbele yake. Akaangalia, akasema, "Lakini lilikuwa linafunga." Nikamwambia hata mlango wa choo cha stendi unafunga. Akasema nilizidisha mzigo. Nikasema namba ya mzigo uliipaka rangi wewe. Akasema rangi ni urembo, wateja wanapenda. Hapo nikaishiwa. Hakunirudishia hata mia. Hasira yangu kwa yule bwana si ya kutojua, kutojua si dhambi, mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Hasira yangu ni kwamba hakujua na akasema kwa uhakika. Na yule muuza spea aliyemwambia ni la Marekani halivunjiki, kweli lilikuwa la Marekani, kwa hiyo namba zake zilikuwa za inchi na ratili, na yeye aliuza kama vile dunia nzima ina boli moja.

Dunia haina boli moja. Ya inchi yapo matatu utakayokutana nayo: hilo la 1 7/8, la inchi 2 ambalo ni milimita 50.8, na la inchi 2 na 5/16 ambalo ni kama milimita 58.7. La Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50 kamili. Tazama vizuri hapo: 47.6, 50, 50.8. Kwa macho ni mapacha. Kwa mkono ni mapacha. Hata mimi leo, na yote yaliyonipata, siwezi kuyatenganisha bila kalipa au bila kusoma. Tela lako limetoka Afrika Kusini, karibu uhakika kikombe chake ni 50, lakini usiniamini mimi, nenda kakisome.

Na usidhani ni ugonjwa wa pikapu peke yake. Wenzetu wa malori, pete za matela ya kuvutwa na Fuso na Scania kuna za milimita 40 na za milimita 50. Wa semi, kingipini, ile pini ya chini ya tela, kuna ya inchi 2 na ya inchi 3 na nusu. Dereva wa semi anayeazimana tela bila kuuliza hilo, mwache apite kwanza.

Sasa gharama, maana najua mtu atasema nimekuza mambo. Salfa mifuko 23 kwa 32,000, jumla 736,000, nilimlipa mteja yote. Tela: mkono kunyooshwa, kikombe kipya, tairi na ringi, 890,000. Gari: bampa, taa za nyuma, kunyoosha pale iliponyofoka, 420,000. Fuso kupeleka tela Ndanda na mifuko iliyobaki Masasi, 180,000. Benchi, ubao wa bao na baiskeli, 150,000, na kwa hizo za mwisho sikupunguziwa na sikuomba kupunguziwa. Jumla ndiyo hiyo 2,376,000. Toba yenye kibati, ya kufungwa kwa bolti, pamoja na boli lake, nilikuwa nimeambiwa laki saba nikaona ni wizi. Niliokoa laki nne na nusu. Mteja wa Masasi sijamuweka kwenye hesabu, hakunipigia tena.

Hilo la bampa. Mkuu, bampa ya nyuma ya Hilux imeshikwa na vipande vya chuma vyembamba vilivyotengenezwa kubeba bampa, na pengine mtu anayesimama kupakia magunia. Kuvuta tela ni kazi ya chesisi. Toba inatakiwa ikae kwenye zile reli mbili ndefu za chini, kushoto na kulia, kwa bolti kadhaa kila upande, na bolti zenye alama 8.8 au zaidi kichwani (ndiyo, namba tena, hata bolti ina namba, ukiona kichwa kitupu iache). Fundi akisema atachomelea moja kwa moja kwenye chesisi ili "iwe ngumu zaidi", mkatalie pia. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma cha chesisi pale pale unapouhitaji, na ufa utaanzia pembeni ya alama ya moto, miezi sita baadaye, usiku, mahali pasipo na mtandao.

Kibati cha toba za Ulaya kinakuwa na herufi D na namba ya kilonyutoni. Hiyo ni nguvu ya kuvuta inayoruhusiwa, na hesabu yake si ngumu: zidisha uzito wa juu kabisa wa gari kwa uzito wa juu kabisa wa tela, kwa tani, gawa kwa jumla yao, zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2.8 na tela la tani 2: ni 5.6 kugawa kwa 4.8, mara 9.81, unapata kama 11.45. Kibati kikisema D 12, unapita. Kikisema D 8, hupiti. Kikiwa hakipo, rudi juu kasome kile alichosema mzee wa Ndanda. Pembeni yake kuna S, kilo zinazoruhusiwa kukandamiza boli kwenda chini, mara nyingi 75, 100 na kuendelea.

Halafu unachukua namba zote, ya gari, ya toba, ya boli, ya kikombe, ya ekseli na matairi ya tela, na ile ndogo kuliko zote ndiyo uzito wako. Mimi nilikuwa na gari linaloweza, tela linaloweza, na boli la kilo 907. Kwa hiyo uwezo wangu haukuzidi kilo 907, hapo bado sijagusa habari ya breki. Ukitoa kilo 450 za tela, mifuko 18 ya salfa. Nilipakia 60.

Kuna jaribio moja ambalo lingeniokoa na halina gharama hata shilingi. Ukishafunga kikombe juu ya boli, weka jeki chini ya mkono wa tela, au tumia lile gurudumu dogo la mbele kama lipo, inua polepole. Nyuma ya gari inatakiwa iinuke pamoja na tela, springi zinyooke. Kikombe kikichomoka, umegundua ukiwa umesimama nyumbani, badala ya kugunduliwa na benchi la watu. Mimi sasa nafanya kila safari, hata nikienda Naliendele hapa jirani. Vijana wangu wananicheka. Wacheke.

Minyororo iwe miwili, ipishane chini ya mkono wa tela ili kikombe kikitoka kidondokee juu ya minyororo na kisipige lami, na ifungwe kwenye toba au chesisi kwa shakli (zile pingu za chuma za kuungia minyororo) zenye namba ya uzito. Bampa, kamwe. Waya wa nondo ni wa nondo.

Boli au ndoano, uliuliza (waya za taa na usajili nawaachia wengine humu). Ndoano na pete inavumilia barabara mbovu kuliko boli, inazunguka vizuri kwenye makorongo, na kwa mzigo mzito wa lori ndiyo yenyewe. Kwa Hilux inapiga kelele na kutikisa mgongo mpaka Mangaka, na utalazimika kubadilisha kikombe cha tela uweke pete, yaani chuma kingine, namba nyingine. Lingekuwa gari langu ningebaki na boli la 50. Sina maneno mengi hapo.

Breki: karatasi za Hilux zinakupa kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Tela lako tupu, kama ni zito kama langu, limeshakula zaidi ya nusu ya hizo. Kwa hiyo kama hutaki breki, unabeba mifuko kumi na mbili ya salfa na maombi. Tela langu halikuwa na breki, na nilikuwa na mpango wa kupanda nalo Newala wiki iliyofuata na kuuteremka ule mlima. Naona hata lile tuta la Nyangao lilinifanyia hisani.

Mzigo uelekee mbele kidogo ya matairi. Lenga kama asilimia kumi ya uzito wote ikandamize boli, bila kupita ile S ya kibati. Ukiona asilimia kumi inapita S, punguza mzigo, usibadilishe hesabu. Kupima, azima mizani ya magunia ya chama cha msingi wakati hawana kazi, weka ncha ya mkono wa tela juu yake ukiwa umepakia. Ikiinuka kwa mkono mmoja huku una simu, umeshaonywa na mtu aliyewahi.

Sasa mkuu, fanya hivi leo kabla ya Magharibi. Nunua msasa wa shilingi elfu moja. Nenda kwa fundi, omba lile boli, kwangua juu na kwenye shina. Piga picha ya utakachokiona, piga picha ya namba ya kikombe cha tela lako, ziweke humu. Nipo, sitoki kwenye uzi huu mpaka nizione. Likitoka 1 7/8, mrudishie na umsalimie, umwambie tuna mapacha, lingine liko kwangu Mtwara linazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na hiyo kazi linaiweza.